Sura ya Sita: Kimo cha Mtoto na Amani ya Moyo Wake

Kwa karibu miaka 30, dawa ya kumrefusha mtoto ilitoka kwa maiti. Homoni ya ukuaji hutolewa na tezi ya pituitari, kitezi chenye ukubwa wa punje ya njegere kilicho chini ya ubongo. Homoni ya ng'ombe au nguruwe haimrefushi binadamu, kwa hiyo madaktari hawakuwa na njia nyingine ila kuichuja kutoka tezi za watu waliokwisha kufariki. Mwaka 1958 Dk. Maurice Raben wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba kijana wa miaka 17 ambaye tezi yake haikufanya kazi ameanza kurefuka kwa sindano za homoni iliyopatikana kwa njia hiyo. Marekani ikaunda wakala wa taifa wa kukusanya tezi kutoka vyumba vya maiti, na hadi mwaka 1985 watoto wapatao 7,700 walikuwa wametibiwa kupitia mpango huo. Hata hivyo tezi zilikuwa haba daima. Uhaba huo wenyewe ulilijibu swali la nani apewe dawa: apewe mtoto ambaye mwili wake hautengenezi homoni ya kutosha.

Mwaka 1985 hali ilibadilika kwa pande mbili. Vijana waliodungwa homoni ya maiti walipokuwa watoto walianza kufa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo na usio na tiba. Protini mbovu zinazosababisha ugonjwa huo zilikuwa zimejificha ndani ya baadhi ya tezi, zikakaa miaka mingi katika miili ya watoto kabla ya kudhihirika. Nchini Ufaransa peke yake waliokufa wamezidi 100. Marekani na Uingereza zilisimamisha dawa hiyo mwaka huohuo. Kisha Oktoba 1985 kampuni ya Genentech ya California ikapewa kibali cha kuuza homoni iliyotengenezwa maabarani na bakteria waliopandikizwa jeni la binadamu. Kitu kilichokuwa kikikusanywa tezi kwa tezi sasa kikawa kinaweza kutengenezwa kwa kiasi chochote.

Dawa ilipopatikana tele, swali nalo likageuka. Watu wakaanza kuuliza ni nani mwingine angefaidika nayo, na macho yakamwangukia mtoto mfupi mwenye afya: tezi yake inafanya kazi, vipimo vyake ni safi, lakini wenzake wote wanampita kwa kichwa. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu homoni kwa watoto wa aina hiyo, yaani wale wafupi kupindukia, asilimia 1.2 ya chini kabisa ya watoto wa umri na jinsi yao. Mamlaka ya Ulaya haijatoa ruhusa kama hiyo. Katika vyumba vya madaktari na sebuleni kwa wazazi, hoja iliyolisukuma jambo hili ilihusu moyo wa mtoto. Ilisemwa kwamba mtoto mfupi huchekwa, hujidharau na hukua na majonzi. Mrefushe, naye atapata furaha.

Hoja hiyo inatoka mahali pa huruma, na ndiyo maana inastahili kupimwa kwa makini. Nimeipitia utafiti kwa utafiti, na ninaamini imewekwa mahali pasipo pake. Sindano hutibu tezi iliyoshindwa kazi. Maumivu ya kudharauliwa yanatoka kwa watu, na yanatibiwa kwa kuwabadilisha watu hao na kumwezesha mtoto.

Walipotafutwa shuleni

Kwa miaka mingi picha ya mtoto mfupi mwenye huzuni ilichorwa kutokana na watoto waliofikishwa kliniki. Kasoro yake ni wazi. Mzazi ambaye mwanawe ni mfupi lakini anacheza, anasoma na ana marafiki hana sababu ya kutafuta bingwa wa homoni. Anayekwenda ni yule ambaye tayari ana shida, na pengine shida hiyo ina chanzo kingine kabisa.

Watafiti wa mradi wa Wessex, kusini mwa Uingereza, waliamua kuwatafuta watoto wafupi walipo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 walipitia vipimo vya watoto walipoanza shule, wakawachagua waliokuwa asilimia 3 wafupi zaidi na wasio na ugonjwa wowote, kisha kila mmoja wakamlinganisha na mwenzake wa kimo cha wastani. Waliwafuatilia kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997, watoto hao walipokuwa na miaka 11 hadi 13, hayakuonyesha tofauti ya maana katika kujithamini wala katika tabia. Hali ya maisha ya familia ilibashiri maendeleo ya mtoto vizuri zaidi kuliko kimo chake. Jambo moja tu lilifungamana na kimo: watoto wafupi hawakuridhika sana na umbo lao.

Upande wa pili wa Atlantiki, mwanasaikolojia David Sandberg na wenzake walikwenda mbali zaidi. Katika shule za magharibi mwa jimbo la New York hawakumuuliza mtoto mfupi anajionaje, waliwauliza wenzake. Wanafunzi 956 wa darasa la 6 hadi la 12 walitaja nani ni rafiki yao, nani anapendwa, nani anatengwa, nani anaongoza. Majibu yao yalipolinganishwa na vimo, uhusiano ulikuwa mdogo mno kiasi cha kutofaa kumtolea mtoto uamuzi wa matibabu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Wafupi walikuwa na marafiki kama warefu, na walipendwa kama wao.

Uonevu upo

Haya yote hayamaanishi kwamba mtoto anayelia baada ya shule anajitungia. Watafiti walewale wa Wessex walirudi kwa watoto wao walipokuwa sekondari na kuwauliza kuhusu uonevu. Ripoti yao ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba wavulana wafupi walionewa zaidi ya mara mbili ya wenzao wa kimo cha wastani, na kwamba wafupi wengi zaidi walitumia muda wa mapumziko wakiwa peke yao.

Ukiziweka tafiti hizi pamoja, unaona kwamba mtoto mfupi hupata mapigo zaidi, na mara nyingi havunjwi na mapigo hayo. Asili haijamnyima moyo thabiti. Anachohitaji ni mapigo yapungue, na hiyo ni kazi ya watu wazima waliomzunguka.

Kuna pia dhara lisilo na makelele, ambalo wazazi na walimu hulitenda bila kujua. Watu wazima humtendea mtoto kulingana na kimo chake na kuusahau umri wake. Msichana wa miaka 12 anapakatwa mbele ya wageni. Mvulana wa darasa la sita hachaguliwi kuwa kiranja kwa sababu "nani atamsikiliza?" Nyumbani mdogo wake aliyemzidi kimo ndiye anayetumwa dukani na kuaminiwa fedha. Mtoto anayetendewa kama wa miaka saba huanza kuishi kama wa miaka saba: anadeka, anakwepa majukumu, anatafuta wadogo wa kucheza nao. Baadaye tunasema ufupi umemwathiri.

Mwaka 2004 wachumi Nicola Persico, Andrew Postlewaite na Dan Silverman waliuliza kwa nini wanaume warefu wa Uingereza na Marekani hulipwa zaidi ya wafupi. Waligundua kwamba kilichobashiri mshahara ni kimo cha mtu alipokuwa na miaka kama 16, zaidi ya kimo chake cha utu uzima. Mwanamume aliyekuwa mfupi shuleni kisha akarefuka baadaye alilipwa kama mfupi. Sehemu ya maelezo waliyoyaona ni kwamba vijana wafupi walishiriki kidogo katika michezo na vyama vya wanafunzi, mahali ambapo kijana hujifunza kuongoza, kushindana na kusema mbele ya watu. Mlango huo hufunguliwa na mwalimu na mzazi.

Sentimita zinapoongezeka

Tujaalie mtoto mwenye afya anapewa homoni. Anapata nini? Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2004 liligawa watoto 68 makundi mawili. Kundi moja likadungwa homoni na jingine likadungwa maji yasiyo na dawa, mara tatu kwa wiki kwa miaka kadhaa, bila mtoto wala mzazi kujua yuko kundi gani. Waliopata dawa waliwazidi wenzao kwa wastani wa sentimita 3.7 walipomaliza kukua. Kwa dozi kubwa ya kila siku nyongeza inaweza kufika sentimita 5 hadi 7, na wapo wasioongezeka kabisa. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2006 ilikadiria kwamba kila inchi moja, yaani sentimita 2.5, hugharimu zaidi ya dola 50,000.

Katika jaribio hilohilo watafiti walipima pia hali ya kisaikolojia. Watoto walipoanza hawakuwa na matatizo zaidi ya watoto wengine. Miaka ilivyokwenda, dalili za tabia zilizowasumbua wazazi zilielekea kupungua kidogo kwa waliopata homoni, lakini jinsi watoto wenyewe walivyojiona haikubadilika. Nchini Uholanzi utafiti wa mwaka 2002 uliwauliza watoto waliotibiwa kuhusu ubora wa maisha yao, na dhana kwamba dawa ingeyaboresha haikuthibitika. Madaktari ndio walioona mabadiliko. Watoto wenyewe hawakuyaona.

Fikiria pia ujumbe uliomo ndani ya tiba. Sindano ya kila usiku kwa miaka mitano ni zaidi ya sindano 1,800. Kila moja inamwambia mtoto mwenye afya kwamba kuna kitu chake kibaya ambacho wazazi wake wanajitahidi kukirekebisha. Wapo wanaovumilia bila taabu, wapo wanaojivunia ushujaa wao. Wapo pia wanaojifunza kuupima uthamani wao kwa mkanda wa fundi cherehani, na sentimita 4 zisipotosha, wanabaki na hisia ya kushindwa ambayo hawakuwa nayo mwanzoni.

Historia inatupa onyo jingine. Kuanzia miaka ya 1950, wasichana waliotabiriwa kuwa warefu mno nchini Marekani na Australia walipewa dozi kubwa za homoni ya estrojeni ili mifupa yao ifunge mapema. Hoja ilikuwa ileile: atahuzunika, hatapata mume. Watafiti wa Australia waliwatafuta wanawake hao walipokuwa watu wazima. Ripoti yao ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba waliotibiwa walipata shida zaidi kushika mimba kuliko wanawake warefu ambao hawakutibiwa. Hao ambao hawakutibiwa walipoulizwa, karibu wote walisema wanafurahi kwamba hawakuguswa. 

Anayehitaji sindano kweli

Wapo watoto ambao sindano hii ni haki yao kamili. Mashabiki wa mpira wa Afrika Mashariki wanajua kisa cha Lionel Messi. Alipokuwa na miaka kama 11 huko Rosario, Argentina, aligundulika kuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji, akaanza kujidunga kila usiku miguuni. Gharama ziliielemea familia, na alipohamia Barcelona mwaka 2000 akiwa na miaka 13, klabu ilikubali kuzilipa. Leo ana kimo cha mita 1.70.

Messi hakutibiwa kwa sababu alichekwa. Mwili wake ulikosa kitu ambacho mwili unakihitaji, na daktari akakirudisha. Homoni ya ukuaji hutoka kwa mafungu, hasa mtoto anapokuwa katika usingizi mzito, na kuliamsha ini kutoa kichocheo kingine kinachorefusha mifupa kwenye sehemu laini za ncha zake. Sehemu hizo hufunga baada ya balehe, na zikishafunga hakuna sindano inayoweza kumrefusha mtu. Homoni hiyohiyo husaidia misuli, hugawa mafuta mwilini na, kwa mtoto mchanga, huzuia sukari kushuka kwa hatari. Watoto wa kike wenye hali ya Turner, takriban mmoja kati ya 2,500 wanaozaliwa, na watoto wenye ugonjwa sugu wa figo nao wanafaidika. Kwa watoto hawa kuchelewa ni dhuluma.

Upendo na mifupa

Wanaodhani kimo ndicho kinachoamua furaha wanasahau kwamba njia ina pande mbili. Mwaka 1948, katika Ujerumani iliyoharibiwa na vita, mtaalamu wa lishe Elsie Widdowson wa Uingereza alifuatilia nyumba mbili za yatima. Kwa miezi sita zote zilipata mgao uleule wa chakula. Kisha nyumba moja ikaongezewa mkate, jamu na maji ya machungwa, na ilitarajiwa watoto wake wawapite wenzao. Badala yake walibaki nyuma. Ilikuja kujulikana kwamba wakati uleule msimamizi mkali alikuwa amehamishiwa nyumba iliyoongezewa chakula. Alikuwa na desturi ya kuwakaripia watoto mbele ya wenzao wakati wa kula, hata chakula kikapoa na watoto wakatetemeka. Nyumba aliyoiacha ilistawi bila nyongeza yoyote. Katika nyumba aliyohamia, wachache waliokuwa vipenzi vyake walikua vizuri.

Mwaka 1967 madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walieleza habari za watoto 13 wafupi sana, ambao baadhi yao walipopimwa walikutwa na homoni ndogo. Wote walitoka nyumba zenye misukosuko mikubwa. Walipoondolewa humo walianza kurefuka bila sindano, na tezi zao zikarudia kazi. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na vipimo vya damu vimekubaliana nao.

Udumavu wetu

Katika nchi zetu ufupi wa watoto wengi hauna uhusiano na tezi. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa; Kenya mwaka huohuo ilikuwa asilimia 18, na Burundi katika utafiti wa 2016 na 2017 ilikuwa asilimia 56. Chanzo ni lishe duni ya mama na mtoto na maradhi ya mara kwa mara katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili. Mtoto mwenye utapiamlo mkali aghalabu ana homoni ya ukuaji nyingi kupita kawaida. Ini lake ndilo lisiloweza kuiitikia kwa kukosa chakula. Kumwongezea sindano hakumsaidii.

Mfano ninaoutamani kwa nchi zetu unatoka Kingston, Jamaika. Katikati ya miaka ya 1980 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa maziwa ya lishe. Wengine walitembelewa kila wiki na mhudumu wa afya wa mtaani aliyemfundisha mama kucheza na mwanawe, kuzungumza naye na kumsifu, kwa vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata. Miaka 20 baadaye waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa robo. Saa moja ya mchezo kwa wiki, kwa miaka miwili, ilibadilisha maisha ya mtoto aliyedumaa. Tanzania na Kenya tayari zina wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofika milangoni mwetu. Kazi hii wanaiweza.

La kufanya

Mzazi anayehangaika aanze na vipimo. Mpime mtoto bila viatu mara mbili kwa mwaka, uandike. Kadi ya kliniki ina mchoro wa ukuaji. Isitupwe chanjo zikiisha. Kuanzia miaka kama minne hadi balehe, mtoto huongezeka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Kwa kimo kinachotarajiwa, jumlisha vimo vya baba na mama, ongeza 13 kwa mvulana au punguza 13 kwa msichana, kisha gawanya kwa mbili. Baba wa sentimita 165 na mama wa 152 watarajie mvulana wa karibu 165 na msichana wa karibu 152. Mtoto wao akiwa mfupi, huenda amewarithi.

Muone daktari ikiwa mtoto anaongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka, ikiwa mstari wake kwenye kadi unashuka, au ikiwa yuko chini mno ya kimo cha wazazi wake. Daktari ataanza na yanayotokea zaidi: lishe, selimundu, maambukizi, figo, tezi ya shingo. Ataweza kuagiza eksirei ya mkono wa kushoto kupima umri wa mifupa. Wapo watoto ambao mifupa yao imechelewa tu. Hubalehe nyuma ya wenzao na kuwafikia baadaye.

Akiwa na afya, kaa naye umuulize anaonaje kimo chake, usimtangulizie jibu. Huenda anaukosa usingizi kwa sababu ya mtoto mmoja tu anayemwita andunje kila mapumziko. Nenda shuleni ukalizungumze hilo kwa jina la tendo, ambalo ni uonevu. Mpangie majukumu ya umri wake nyumbani, umnunulie nguo za rika lake hata kama zitahitaji kupunguzwa na fundi, umsajili katika mchezo au kwaya au skauti. Mfundishe jibu fupi la kumpa mchokozi, mlifanyie mazoezi pamoja.

Mtoto ambaye tezi yake imeshindwa apate homoni mapema, na mifuko yetu ya bima ya afya itafute namna ya kuilipia, kwa kuwa hakuna mbadala wake. Mtoto mfupi mwenye afya apate shule isiyovumilia uonevu na nyumba inayomheshimu kwa miaka yake. Nchi tajiri zimetumia fedha nyingi kujaribu kumpa huyu wa pili haki ya yule wa kwanza, na watoto walipoulizwa hawakusema wamekuwa na furaha zaidi. Sisi tuna nafasi ya kuanza na heshima, ambayo hospitali haiuzi na kila mzazi anaweza kuitoa leo.